Madishi Yatazame Mbele

Ipo nchi moja, mbali sana na hapa, wala msitazamane hivyo, si hiyo mnayoidhani. Nchi hiyo ina mito, milima, twiga wachache na mawaziri wengi. Raia wake ni wapole kiasi kwamba wakikanyagwa huomba radhi kwa kuweka mguu mahali pabaya. Kiongozi wao huitwa Mtukufu. Jina lake lenyewe halitamkwi, maana limekwisha kuandikwa kwenye kila kitu kinachoandikika, kuanzia uwanja wa ndege hadi pakiti za chumvi, ikaonekana kulitamka tena ni kulichosha.

Siku moja ndege ya Mtukufu ilikuwa ndiyo kwanza inapaa, kumpeleka ng'ambo kwenye ziara ya kikazi ya kung'oa jino. Akachungulia dirishani. Akaona juu ya mapaa ya mji mkuu sahani nyeupe, maelfu kwa maelfu, zimelala chali zikiikodolea mbingu.

"Vile ni nini?" akauliza.

Waziri wa Mwelekeo, Daktari Shebughe, ambaye kazi yake ndani ya ndege ilikuwa kukaa karibu na kuitikia, naye akachungulia. "Ni madishi ya televisheni, Mtukufu."

"Mbona yameinuliwa juu kama vibakuli vya ombaomba?"

Jibu lilikuwapo, tena jepesi. Nchi ile imekaa katikati ya tumbo la dunia, na satelaiti inayorusha matangazo yake huning'inia karibu kabisa na utosi. Anayetaka kuikamata hana budi dishi lake litazame juu. Lakini Daktari Shebughe hakufika alipofika kwa kujibu maswali. Alitoa daftari, akaandika kwanza, kisha akasema, "Ni aibu, Mtukufu. Aibu kubwa. Mgeni akipita hapa juu atadhani tuna shida."

"Kwani tuna shida?"

"Hatuna, Mtukufu."

"Basi yatazame mbele. Nchi hii inatazama mbele." Akafunga macho, maana jino lilikuwa linamuuma.

Ndivyo lilivyozaliwa Agizo la Mtazamo. Kila dishi la televisheni, la tajiri na la maskini, litashushwa litazame mbele, na yeyote atakayeonekana na dishi linalotazama juu atahesabiwa kuwa anaomba bila kibali.

Tatizo lilikuwa kujua mbele ni wapi. Kamati ya wataalamu kumi na mmoja ilijifungia hotelini wiki tatu kulitafuta jambo hilo. Mmoja wao, profesa aliyesoma kuliko inavyoshauriwa, alisema mbele inategemea mtu amesimama akielekea wapi. Aliombwa atoke, akatokea mlango wa nyuma. Kumi waliobaki walikubaliana kwa kauli moja kwamba mbele ni kule kunakoonyeshwa na kidole cha sanamu ya Mtukufu pale kwenye mzunguko wa barabara. Sanamu hiyo ilisimikwa na mkandarasi ambaye lori lake lilishindwa kugeuza, kwa hiyo kidole chake kinaonyesha machinjio ya manispaa. Kuanzia siku ile taifa zima likaanza kutazama machinjio.

*

Mjini humo aliishi fundi madishi aitwaye Sikudhani. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na alikuwa ameanguka kutoka juu ya mapaa mara nne. Anguko la kwanza lilimfundisha kuvaa raba. La pili lilimfundisha kutomwamini mwenye nyumba anayesema bati lake ni jipya. La tatu lilimfundisha kwamba hospitali ya rufaa haina rufaa. La nne lilimpa mume, kwani alimwangukia Bwana Tindwa aliyekuwa kakaa kibarazani anakunywa uji, na baada ya kumwagiana uji kiasi kile ikawa hakuna la kufanya ila kuoana.

Sikudhani alikuwa na dira ya mkononi, spana, pima maji ya kunyooshea nguzo, na kidude kidogo kinachopiga mluzi kikinusa mawimbi. Lakini vyote hivyo alivihesabu kuwa mapambo. Chombo chake cha kweli kilikuwa mdomo wa mtu. Yeye huwa juu ya bati anageuza dishi kwa upana wa ukucha, maana ukucha mmoja hapa chini ni safari ya wiki nzima kule juu angani, na chini, mbele ya televisheni, lazima akae mtu wa kupiga kelele: "Bado! Bado! Imekuja! Imepotea! Rudi ulikotoka! Hapo hapo!"

"Mimi sitaki msaidizi mwenye misuli," alizoea kuwaambia wateja. "Nataka mwenye mdomo usioona haya. Ikiwa haijaja, aniambie haijaja. Ukinionea huruma, utatazama chenga mpaka Krismasi."

Agizo lilipofika mtaani kwake lilifika likiwa limevaa suruali iliyopigwa pasi hadi mstari wake ungeweza kukata mkate. Lilikuwa ni Afisa Mwelekeo Daraja la Pili, Bwana Mlekwa, na karani wake. Walimkuta Sikudhani juu ya bati la jirani yake, Bi Mwanahawa, anakaza bolti.

"Wewe mama! Dishi hilo linatazama nini?"

"Satelaiti, bosi."

"Iko wapi?"

"Huko juu."

"Unaiona?"

"Haionekani kwa macho, bosi."

Mlekwa akamgeukia karani. "Andika: linatazama kitu kisichoonekana." Kisha akainua tena shingo. "Na sanamu ya Mtukufu, unaiona?"

"Hiyo naiona. Kuna kunguru kaikalia kichwani."

"Kunguru usimwandike," Mlekwa akamwambia karani. "Mama, lishushe hilo dishi lifuate kidole."

"Bosi, nikilishusha halitashika kitu. Kule mbele hakuna satelaiti, kuna ng'ombe wanalia."

"Umejuaje? Umewahi kujaribu?"

Sikudhani akajaribu. Alilegeza bolti, akalishusha dishi mpaka likasimama wima kama askari, likikodolea machinjio. Hapo hapo sauti ya Bi Mwanahawa ikatoka ndani kama king'ora cha zimamoto.

"Sikudhani! We Sikudhani! Imepotea! Mbona imepotea?"

"Mwambie imekuja," alisema Mlekwa.

"Bi Mwanahawa! Unaambiwa imekuja!"

"Imekuja wapi, kwa shangazi yako? Mimi naona bluu tupu!"

Mlekwa akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. "Andika," akamwambia karani. "Mwenye nyumba amekiri kwamba anaona."

*

Baada ya mwezi mmoja hapakuwa na dishi hata moja nchini lililotazama juu, na hapakuwa na televisheni hata moja iliyoonyesha kitu isipokuwa rangi ya bluu na maneno HAKUNA MAWIMBI. Ungedhani serikali ingeshtuka. La. Serikali ilifurahi, na ilifurahi kwa takwimu.

King'amuzi, kama mjuavyo, hupima vitu viwili na kuvionyesha kwenye kioo kwa mistari miwili. Mstari wa kwanza unaitwa Nguvu, wa pili unaitwa Ubora. Fundi yeyote atakwambia Nguvu ni kelele tu; unaweza kulielekeza dishi kwenye ukuta wa choo na Nguvu ikapanda. Picha huletwa na Ubora. Sasa, nchi nzima ilipotazama machinjio, Nguvu ilisoma tisini na nane kwa mia, na Ubora ukasoma sifuri. Wizara ya Mwelekeo ikachukua mstari wa kwanza na kuutangaza redioni kwa tarumbeta: Nguvu ya Taifa imefika asilimia tisini na nane, haijapata kutokea tangu uhuru. Kuhusu mstari wa pili ilielezwa kwamba ni kipimo cha kigeni kisichozingatia mazingira yetu, na kila mwananchi akaagizwa aufunike kwa plasta. Plasta zilitolewa bure kutoka zahanati. Kwa hiyo waliojikata na panga mwaka ule walifungwa vidonda vyao kwa nakala za Agizo, ambazo zilikuwa nyingi.

Kila Jumatatu Mlekwa alipita nyumba kwa nyumba na fomu. Swali lilikuwa moja: umeona nini?

"Nimeona bluu, bwana," alisema Bi Mwanahawa. "Ile ile ya wiki iliyopita, ila ya leo naona imeendelea kidogo."

"Imeendelea kwa kiasi gani?"

"Mpaka ukutani."

Ikaandikwa.

Kwa mafundi madishi kazi ilikwisha. Sikudhani alihamia kwenye kuziba masufuria, kazi ambayo aliisifu kwa sababu moja: sufuria likivuja linasema lenyewe, halihitaji afisa.

*

Jino la Mtukufu lilichukua miezi minane. Jino lenyewe lilikuwa moja, ila ujumbe ulikuwa wa watu sitini, na haingekuwa adabu kurudi kabla kila mjumbe hajapata hata kulisafisha lake. Huko huko ng'ambo Mtukufu alirekodi hotuba ya kutimiza miaka ishirini na mitano ya uongozi, akaituma kwa bahasha yenye lakiri kwenye kituo cha Televisheni ya Taifa, irushwe siku ya Ijumaa saa nne kamili asubuhi. Yeye akarudi Alhamisi. Ijumaa aliamka alfajiri, akavaa kanzu mpya, akaketi sebuleni Ikulu ili ajitazame, akawasha.

Bluu.

Maana dishi la Ikulu nalo lilikuwa limeshushwa, na Daktari Shebughe, aliyetangulia kurudi kusimamia Agizo, alilishusha kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wapiga picha.

Aliitwa fundi. Fundi yule alipanda, akaanza kulegeza bolti ili aliinue dishi, akakamatwa kwa kuvunja Agizo. Akaitwa wa pili. Huyo, kwa kuwa alikuwa amemwona wa kwanza akishushwa, hakuliinua. Picha haikuja, akakamatwa kwa kumnyima Mtukufu picha. Wote wawili wakapelekwa Kambi ya Kutazama Mbele, mahali ambapo mtu huketishwa akielekea ukuta hadi aseme ameona mustakabali. Wapo walioingia humo wakiwa na meno yao na ukuta bado haujawaambia kitu.

Saa mbili asubuhi gari jeusi likasimama mlangoni kwa Sikudhani.

"Unakwenda wapi na hao?" Tindwa akauliza kutoka kibarazani.

"Ikulu. Dishi lao halishiki."

Tindwa akasimama. Habari za wale wawili zilikuwa zimekwisha kufika mtaani, zimefika kabla ya gari. "Utarudi?"

"Picha ikija, nitarudi," alisema Sikudhani, akajaribu kucheka, kicheko kikatoka nusu. "Isipokuja, hizo sufuria za Bi Mwanahawa ziko tayari, umpelekee."

*

Getini walimpekua. Dira walimnyang'anya, kwani nchi ilikuwa na mwelekeo mmoja tu na ulikwisha kujulikana. Kidude cha kunusa mawimbi nacho kikachukuliwa: hairuhusiwi kitu chochote kumpigia Mtukufu mluzi. Akapanda na spana na pima maji.

Dishi la Ikulu lilifungwa juu ya paa la chini la baraza, jirani na dirisha la sebule. Daktari Shebughe alikuwa huko juu tayari, na suti yake na jasho lake.

"Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Likikaa hivi picha haiji."

"Lazima ije."

"Basi niliinue kidogo tu."

"Ukiliinua unakamatwa."

"Na nisipoliinua?"

"Picha haitakuja. Unakamatwa."

"Kwa hiyo nimekwisha kukamatwa. Sasa hapa nafanya nini?"

"Unafanya kazi," alisema Waziri, kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

Sikudhani akachuchumaa. Aliliangalia dishi, akaangalia mbele ya dishi, upande wa machinjio. Pembeni, juu ya paa lile lile, palikuwa na picha kubwa ya Mtukufu iliyochorwa juu ya bati bapa la chuma, imeegemezwa ikisubiri kutundikwa kwa ajili ya sherehe. Pana kuliko mlango, imenyooka bila bonde. Fundi akaitazama kwa muda mrefu, Waziri akadhani anaipenda.

"Mheshimiwa, Agizo linakataza dishi kumtazama Mtukufu?"

"Astaghafiru! Hiyo itakuwa heshima."

"Basi naomba tuisogeze ile picha iwe mbele ya dishi. Dishi lisiguswe, libaki linatazama mbele. Ila picha tuilaze nyuma kidogo, nusu ya kulala na nusu ya kusimama."

Chuma, ndugu wasomaji, hurudisha mawimbi kama kioo cha mkononi kinavyolirudisha jua na kulitupa ukutani. Kinachoshuka kutoka utosini kingempiga Mtukufu wa bati usoni, kikadunda, kikaingia ndani ya dishi. Dishi lingetazama mbele kama raia mwema. Wa kutazama juu angekuwa Mtukufu, kwa niaba ya taifa.

Shebughe alipekua Agizo ukurasa kwa ukurasa akitafuta pa kukataza, hakupata. Saa ilikuwa tatu na robo. "Nani ataishika?" akauliza.

"Mtu yeyote mwenye mikono."

"Picha ya Mtukufu haishikwi na mtu aliye chini ya cheo cha waziri."

Wakatazamana. Juu ya paa palikuwa na waziri mmoja tu. Daktari Shebughe akavua koti.

Akabaki mtu wa kusema bado. Sikudhani akainama ukingoni, akapaza sauti, "Imekuja?"

Ikulu hapapigwi kelele. Swali lilipokelewa na askari wa ngazini, akamnong'oneza mpambe wa mlangoni, akamnong'oneza msaidizi wa korido, akamnong'oneza katibu, akamnong'oneza Mkuu wa Itifaki aliyesimama kando ya televisheni. Jibu likarudi kwa njia ile ile, taratibu, likiokota adabu njiani: "Imekuja, na inapendeza."

Hapo Waziri alikuwa bado hajaishika picha.

Sikudhani akamwambia aishike. "Imekuja?" Jibu: "Imekuja zaidi." Akamwambia aigeuze, uso uelekee ukutani. "Na sasa?" Jibu: "Sasa ndiyo imezidi kabisa, tunatoa shukrani."

Fundi akaketi juu ya paa. Alikuwa amelenga madishi kwenye upepo, kwenye mvua ya mawe, mara moja juu ya nyumba iliyokuwa ikibomolewa. Hakupata kulenga mahali ambapo hapana hata mdomo mmoja unaoweza kusema bado. Saa tatu na nusu. Akapiga hesabu: ndani ya nyumba ile ni nani asiyemwogopa mtu aliye juu yake? Alikuwapo mmoja tu.

Akalala kifudifudi, akaning'iniza kichwa mpaka kikafika kwenye dirisha la sebule.

"Mtukufu, shikamoo!"

Bunduki sita zikakokiwa kwa pamoja, kacha.

"Marahaba," ilijibu sauti kutoka kwenye kochi. "Ni nani huyo amepinduka?"

"Fundi dishi, baba. Samahani sana. Hebu niambie wewe mwenyewe, imekuja?"

"Imekuja nini!" Mtukufu alifoka. "Bluu tupu tangu alfajiri! Na hawa wote wanasimama hapa wananiambia ni macho yangu!"

Sikudhani nusura alie kwa furaha. "Ahsante, baba! Basi fanya hivyo hivyo. Ukiona bluu, sema bado. Ikija, sema imekuja. Kwa sauti, usinionee huruma."

Kazi ikaanza. "Mheshimiwa Waziri, mlaze kidogo. Kidogo! Hiyo ni kama kioo, ukikisogeza nyuzi moja mawimbi yanahama nyuzi mbili. Mwinue kidevu."

"Bado!" ilitoka sebuleni.

"Kulia kwako. Usipumue."

"Bado! Bado! Huyo Shebughe anatetemeka nini?"

Mtukufu alinogewa. Robo karne hakuna aliyempa kazi ambayo ingeonekana kama hakuifanya. Alikunja mikono ya kanzu, akaja dirishani, akarudi kwenye televisheni, akaja tena. "Bado! Ngoja, imekuja! Imepotea! We mama, imepotea, rudi ulikotoka!" Na maofisa watano wa kunong'ona walisimama ukutani wakimsikiliza kwa hofu, kama watu wanaosikia lugha iliyopigwa marufuku.

Picha ilikuja vipande vipande, ikakataa kutulia. Sikudhani akakuna kichwa, kisha akajipiga paji la uso. Kioo hugeuza kushoto kuwa kulia! Lile jicho la dishi, kichwa kidogo kinachokaa mbele ya sahani, alikuwa amelizungushia upande wa siku zote. Akalishika, akalizungusha upande wa pili, taratibu, upana wa ukucha.

Ndani ya sebule televisheni ikatoa sauti, safi kama ya mtu aliyeketi mle mle. Saa nne kamili.

Sikudhani akasubiri neno lake. Halikuja.

"Imekuja, baba?"

Kikaja kicheko, lakini si cha Mtukufu. Kilikuwa kinatoka kwenye televisheni. Fundi akaning'iniza tena kichwa, akatazama juu chini.

Imekuja, tena imekuja kuliko picha zote alizowahi kulenga. Ubora usingepungua tisini na nne: hata mbegu ya nyanya kwenye fulana ya mtangazaji ilionekana. Mtangazaji mwenyewe alikuwa Feruzi Ngwanda, mtu mkuu wa taarifa ya habari, ambaye taifa lilimjua kwa tai na sauti nzito. Tai hakuwa nayo, wala shati. Kwa zaidi ya nusu mwaka Feruzi na wenzake walikuwa wakirusha matangazo wakijua fika kwamba hakuna dishi hata moja nchini linaloyashika. Wiki ya kwanza walivaa. Wiki ya pili wakaacha viatu. Sasa mezani pake palikuwa na sahani ya ugali na dagaa, nyuma yake zilianikwa soksi, na chini ya mguu mbovu wa meza, ili isicheze, iliwekwa bahasha yenye lakiri kutoka ng'ambo.

Feruzi alikuwa amejivika sufuria kichwani mfano wa kofia ya Mtukufu. Alijaza shavu kwa tonge, likavimba kama la mgonjwa wa jino, akainua kidole kuelekea machinjio.

"Ndugu wananchi wasiotuona," alisema kwa sauti ile ile ya Mtukufu, na kikohozi chake, na ile pumzi ya katikati. "Niliondoka nikiwa na meno thelathini na mbili. Nimerudi na thelathini na moja. Huo ndio upungufu pekee niliouona katika nchi hii."

Mpiga kamera alicheka mpaka picha ikatikisika.

Sebuleni hakuna aliyetikisika. Katibu alikagua viatu vyake. Mkuu wa Itifaki alihesabu balbu. Mtukufu alisimama na rimoti mkononi, akatazama kwa muda ambao mtu angeweza kunywa kikombe cha maji. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Bado."

"Bado, baba?"

"Nimesema bado!"

"Bado!" wakaitikia maofisa wote watano, neno ambalo ndimi zao hazikuwahi kuligusa. "Bado kabisa!"

Akili ya Sikudhani, ambayo ilikuwa imeanguka kutoka mapaa manne na kujifunza kuanguka, ilizunguka upesi. Picha imekuja. Aliyeiona yuko taabani, na yeye ameiona, kichwa chini miguu juu. Asubuhi alimwambia mumewe atarudi picha ikija. Sasa hatarudi, isipokuwa picha hiyo iwe haikuja kamwe.

Akavuta kichwa, akakohoa. "Ndiyo, baba, hata mimi huku sioni dalili yoyote. Nadhani kosa ni letu, tumekulaza sana. Mheshimiwa Waziri! Msimamishe Mtukufu wima!"

"Wima? Si ulisema..."

"Wima, Mheshimiwa! Kama alivyo!"

Daktari Shebughe akainua bati. Mtukufu wa kuchorwa akaacha kutazama mbinguni, akatazama mbele. Feruzi alikatika katikati ya neno. Sebule ikajaa bluu.

"Imekuja!" alipiga kelele Mtukufu, akipangusa jasho usoni. "Hapo hapo! Msiguse! Kaza!"

Feruzi hakukamatwa siku ile, wala kesho yake. Kumkamata kungehitaji hati, hati ingehitaji kosa, na kosa lingehitaji mtu wa kukiri kwamba aliliona. Sikudhani aliandikiwa cheti papo hapo, chenye mihuri mitatu, kwamba amelenga kwa usahihi usio na mfano. Akakiweka mfukoni, akaendelea kukaza.

Chini yake Mtukufu aliketi kwenye kochi, akaikunjua kanzu, akaitazama bluu. Hotuba aliikumbuka kwa moyo. Kila ilipofika mahali pa kushangiliwa alipiga makofi, na maofisa watano wakapiga makofi, na Waziri wa Mwelekeo, aliyekuwa bado ameshika bati kwa mikono miwili, akapiga kwa mguu. Sikudhani akamaliza bolti ya mwisho, naye akapiga makofi mawili kwa adabu, akashuka ngazi haraka kabla mtu yeyote hajaona kitu.